UKURASA WA AFYA: Kijiko Kimoja ni Gramu Ngapi?

Mtu yeyote aliyewahi kuuza mazao hapa Kilosa analijua somo la leo, ila pengine hajalipeleka jikoni. Gunia la debe sita likijazwa mahindi makavu hukaribia kilo 100. Gunia lilelile, likishonwa na mtu yuleyule, likijazwa alizeti halifiki hata kilo 70. Debe halikubadilika, kilichobadilika ni kilichomo ndani. Mkulima hushangaa akisikia mtu anayadhani magunia hayo mawili kuwa sawa, lakini mkulima huyohuyo akirudi nyumbani hula chakula ambacho chumvi, tangawizi na mdalasini vimepimwa vyote kwa kijiko kimoja, na hakuna aulizaye kijiko hicho kimebeba uzito gani.

Tumeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu ya maswali tunayoulizwa na akina mama wanaokuja kliniki. Mgonjwa wa shinikizo la damu huambiwa apunguze chumvi, naye atie ladha kwa giligilani, kitunguu saumu, tangawizi na limao. Ni shauri jema. Anafika nyumbani, binti yake anamsomea mapishi kutoka kwenye simu au kitabu, na humo mna maneno kama "gramu 5 za mrehani mkavu" au "gramu 10 za tangawizi". Mizani hana. Kijiko anacho. Basi anakisia, na kukisia huku mara nyingine hakuna madhara, mara nyingine kuna madhara makubwa. Tutajaribu kuonyesha wapi ni wapi.

Kwanza tufahamu kwamba kijiko, kikombe, kopo, kisado na debe hupima nafasi ambayo kitu kimeijaza. Mizani hupima uzito. Vitu hivi viwili hulingana kwa maji tu, kwa kuwa mililita 1 ya maji safi ina uzito wa gramu 1. Kwa vitu vingine vyote hatuna budi kujua kwanza ni kitu gani na kiko katika hali gani: ni kibichi au kikavu, ni kizima au kimesagwa.

Kijiko chako ni kipi?

Tunapoandika "kijiko cha chai" tunamaanisha kijiko cha mililita 5, na "kijiko cha chakula" ni mililita 15, yaani vitatu vya chai. Lakini vijiko vinavyouzwa sokoni Mikumi au dukani Kilosa havikutengenezwa kuwa vipimo. Vilitengenezwa kukorogea chai. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 6 na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kipime kijiko chako. Nunua duka la dawa bomba jipya la sindano la mililita 5 au 10, lisilo na sindano. Lijaze maji, kisha uyasukume taratibu ndani ya kijiko, ukikishika sawasawa, mpaka maji yafike ukingoni bila kumwagika. Soma bombani umetumia mililita ngapi. Kijiko kitakachobeba 5 kitie alama kwa msumari kwenye mpini, nacho kiwe kijiko cha kupimia cha nyumba hiyo. Watoto waambiwe wasikipeleke shambani kuchimbia.

Bomba hilohilo lina kazi nyingine jikoni, tutaieleza mbele.

Jambo la pili ni namna ya kujaza. Wenzetu wengi huchota na kuinua kijiko kikiwa na kilima juu yake. Kilima hicho chaweza kuongeza nusu ya kipimo au zaidi, na hakuna vilima viwili vinavyofanana. Kipimo cha kweli ni kijiko kilichosawazishwa: chota, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo, kinachozidi kirudi chomboni. Usikishindilie kitu kwa kidole wala usikigongegonge kijiko mezani, kwa kuwa unga ukishindiliwa huingia mwingi zaidi mahali palepale. Wauza mahindi wanaijua mbinu hiyo vizuri mno.

Uzito wa viungo vyetu

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe. Hizi ni kadirio kwa kijiko cha chai cha mililita 5 kilichosawazishwa. Anayependa azikate na kuzibandika ukutani.

Chumvi laini: gramu 6.
Magadi meupe ya kuokea: gramu 4 na nusu, hivi.
Sukari: gramu 4.
Manjano ya unga: gramu 3.
Mdalasini wa unga: gramu 2 na nusu.
Pilipili manga ya unga, kungumanga ya unga, karafuu ya unga, binzari nyembamba nzima: gramu 2 na kidogo.
Iliki ya unga: gramu 2.
Tangawizi ya unga, mbegu za giligilani nzima: pungufu kidogo ya gramu 2.
Mrehani mkavu uliosagwa: gramu 1 na nusu, pungufu kidogo.
Majani makavu ya mrehani yasiyosagwa: robo tatu ya gramu, pengine pungufu.
Majani makavu ya giligilani: zaidi kidogo ya nusu gramu.

Tazama juu na chini. Kijiko cha chumvi kina uzito wa karibu vijiko kumi vya majani makavu ya giligilani. Tazama pia mrehani: ni mmea mmoja, kijiko kimoja, lakini ukishasagwa uzito wake kijikoni huwa mara mbili ya majani yaliyofikichwa tu, kwa sababu jani kavu hulala ovyo na kuacha matundu ya hewa, na unga huyajaza matundu hayo. Chumvi ya mawe nayo ni hivyo hivyo. Punje zake kubwa huacha nafasi kati yake, hivyo kijiko chake kwa kawaida ni chepesi kuliko cha chumvi laini. Aliyezoea chumvi ya mawe akibadilisha kwenda laini bila kupunguza kijiko, ameongeza chumvi mwilini bila kujua.

Kwa hiyo mapishi yakisema "gramu 5 za mrehani mkavu" na wewe una majani makavu yasiyosagwa, ni vijiko saba vya chai. Ukiwa na mrehani uliosagwa, ni vijiko vitatu na nusu. Aliyetia kijiko kimoja akidhani kijiko cha chai ni "gramu 5" kama kilivyo cha maji, atalalamika kwamba chakula kisicho na chumvi hakina ladha, na kesho yake atarudia chumvi. Hapo ndipo jambo dogo la jikoni linapogeuka kuwa jambo la kliniki.

Kibichi na kikavu

Wapishi wana kanuni ya zamani: vijiko vitatu vya majani mabichi yaliyokatwakatwa badala ya kijiko kimoja cha makavu. Kwa ladha, kanuni hii yafaa, nasi twaitumia. Lakini isichukuliwe kuwa ndiyo hesabu ya uzito. Giligilani mbichi ina maji zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Ukianika gramu 100 utabakiwa na gramu 10 tu au pungufu. Maana yake ni kwamba kijiko kimoja cha giligilani kavu, ambacho hakifiki gramu 1, kimetokana na gramu 6 hivi za majani mabichi, nazo zikikatwakatwa zitajaza zaidi ya robo kikombe. Ni vijiko vingi kuliko vitatu! Basi kwa nini kanuni ya wapishi inafanya kazi? Kwa sababu majani yakianikwa hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake, hasa giligilani na mrehani. Rozmeri hustahimili zaidi. Twahitaji majani mengi zaidi yaliyokauka ili tupate ladha ileile.

Hivyo yategemea unapima kwa ajili ya nini. Ukitafuta ladha, tumia vijiko na ulimi wako. Ukitafuta lishe, kwa mfano unga wa majani ya mlonge katika uji wa mtoto, basi hesabu ni ya uzito, kwa kuwa harufu inapotea lakini madini hayapeperuki pamoja na maji. Majani mabichi ya mlonge ni maji kwa robo tatu na zaidi kidogo, kwa hiyo unga wake umekusanya nguvu ya majani mengi mahali padogo. Mtoto mdogo akianzishwa, aanze na nusu kijiko cha chai katika bakuli la uji, mama atazame tumbo lake linapokeaje. Na tunazungumzia majani tu. Mizizi na magome ya mlonge mama mjamzito asiyaguse.

Tangawizi ina mtego wake. Kijiko cha chai cha tangawizi mbichi iliyokunwa ni gramu 2. Kijiko cha tangawizi ya unga ni karibu gramu 2 vilevile. Mtu ataona uzito ni sawa, abadilishane moja kwa moja. La hasha! Ile mbichi ni maji kwa sehemu nne katika tano, na ya unga imekauka. Gramu 10 za mbichi zikikaushwa hubaki gramu 2 na kidogo, yaani kijiko kimoja cha unga na ziada kidogo tu. Jambo hili lawahusu hasa akina mama wajawazito wanaosumbuliwa na kichefuchefu. Kiasi kilichotumika katika tafiti nyingi ni gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, imegawanywa mara kadhaa. Gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai cha unga, kwa siku nzima. Si kijiko kilichojaa kila kikombe. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari wake kabla ya kunywa tangawizi nyingi.

Kupima bila mizani ya jikoni

Mizani ya duka haiwezi kukuonyesha gramu 2. Lakini yaweza kukuonyesha uzito wa vijiko 20. Nenda kwa muuza duka mwenye mizani ya kidijitali, wakati hana wateja wengi, uwe na mfuko mwepesi na kijiko chako kilichotiwa alama. Mwombe apime mfuko mtupu kwanza. Kisha sawazisha vijiko 20 vya kiungo unachotaka, uvimimine humo, apime tena. Ondoa uzito wa mfuko, gawanya kwa 20. Vikitoka gramu 36, kijiko kimoja ni gramu 1 na nukta 8. Angalia tu kama mizani hiyo imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Ikiwa familia za jumuiya moja zitachangia mizani moja ndogo ya jikoni, kazi hii itafanyika mchana mmoja kwa viungo vyote, kila mama akaondoka na karatasi yake.

Asiye na mizani kabisa aitengeneze. Chukua fimbo nyembamba iliyonyooka, urefu wa futi moja, ifunge uzi katikati na kuining'iniza mahali pasipo upepo. Kila ncha ifunge nyuzi tatu zinazobeba kifuniko cha kopo, vifuniko viwe vya aina moja. Fimbo ikilala upande, bandika nta kidogo upande mwepesi mpaka ilingane. Sasa lile bomba la sindano ndilo mawe yako ya mizani: ukitia mililita 3 za maji katika kifuniko kimoja umeweka gramu 3. Upande wa pili tia chumvi kidogo kidogo mpaka fimbo isimame sawa. Umepata gramu 3 za chumvi. Vijana wa shule wanaopenda hesabu huifurahia kazi hii kuliko wazazi wao.

Mahali pa kutokukisia

Chumvi ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambazo hazijai kijiko kimoja cha chai, na watoto wapungukiwe zaidi. Humo mmehesabiwa chumvi ya mkate, ya samaki waliokaushwa kwa chumvi na ile iongezwayo mezani. Kuna njia nyepesi ya kujipima bila kijiko wala mizani. Siku unapofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake. Nyumba ya watu watano wanaokula kwa kipimo cha gramu 5 kila mmoja hutumia gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti inapaswa kuwatosha siku 20 angalau. Ikiisha siku ya kumi, kila mmoja amekula gramu 10 kwa siku, maradufu ya kipimo, labda kama mlikausha samaki au mlikuwa na wageni. Baba mwenye shinikizo la damu anayesema "mimi chumvi situmii kabisa" aonyeshwe pakiti hiyo.

Ya pili ni maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Dawa iliyo bora ni pakiti ya chumvichumvi kutoka zahanati, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti ya lita 1 ina gramu 2 na nukta 6 tu za chumvi ya kawaida, imepimwa kiwandani. Pakiti inapokosekana, mkiwa njiani kwenda zahanati, mwaweza kuchanganya nyumbani: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Nusu hiyo ni gramu 3. Tazama sasa mtu akikosea kijiko: nusu ya kijiko cha chakula ni gramu 9, mara tatu. Akitumia chupa ya maji ya nusu lita akidhani ni lita moja, ameongeza mara mbili tena. Chumvi ikizidi katika damu ya mtoto huleta kiu kali, degedege, na huweza kumwua. Kwa hiyo soma ubavuni mwa chupa, tumia kijiko chenye alama, na wewe mwenyewe uonje kabla ya mtoto: maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga na uanze upya. Usijaribu kuyatengeneza kwa kuongeza sukari.

Ya tatu wengi hawaifikirii: kungumanga. Chembe kidogo kati ya vidole viwili katika pilau au maziwa haina neno. Lakini gramu 5, ambazo ni vijiko viwili vya chai na kidogo, zimekwisha kuwadhuru watu wazima: kinywa hukauka, moyo hwenda mbio, hutapika, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na dalili hizo huanza baada ya saa kadhaa, mtu ameshasahau alichokunywa. Kokwa moja kubwa ikisagwa huweza kutoa kiasi hicho. Wale wanaoshauriana kuinywa kwa vijiko ili kupata usingizi au nguvu waache. Mtoto akiikomba, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kilichobaki chomboni, ili tukadirie amekula kiasi gani.

Mdalasini nao siku hizi hunywewa kwa kijiko cha chakula kila asubuhi na watu wenye kisukari au wanaotaka kupungua uzito. Kijiko cha chakula kina karibu gramu 8. Aina ya mdalasini iuzwayo sana duniani, iitwayo kasia, ina kitu kiitwacho kumarini, ambacho kikinywewa kingi kila siku huweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Kwenye chai na pilau endeleeni bila hofu. Kuufanya dawa ya kila siku ni habari nyingine, na vidonge vya sukari visiachwe kwa ajili yake.

Na dawa ya maji ya hospitali isipimwe kamwe kwa kijiko cha jikoni, hata chenye alama. Tumieni kikombe au bomba lililokuja na chupa.

Mahali pa kukisia kwa amani

Kwa mengine msijisumbue. Mchaichai wa chai, kitunguu saumu cha mchuzi, fungu la giligilani juu ya maharage, karafuu mbili tatu za pilau, hivyo vyote mkono wa mpishi watosha. Mama aliyepika miaka thelathini hahitaji fimbo na uzi ili ajue mchuzi umekolea.

Ila kumbukeni majira. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa huwa na unyevunyevu, na viungo vya unga huvuta maji. Huganda mabonge, huwa vizito, na kijiko hakipimi tena kama kilivyopima Oktoba. Majani yaanikwe kivulini penye hewa mpaka yavunjike kwa vidole, ndipo yatiwe katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, na jina na mwezi uandikwe juu. Unga uliogandamana na kunuka uvundo hauna haja ya kupimwa. Utupeni, kwa maana ukungu wake ni hatari kuliko kukosea gramu moja au mbili.